Kigari cha Moshi Kilichosimama Milola

Siku Bwana Spana alipolia mbele ya mpishi wake, mpishi akaanza kupiga hesabu.

Bwana Spana halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi; watu wa Mkwaya walimwita hivyo kwa sababu hata mezani alikuja na spana mfukoni. Alikuwa fundi wa reli, ile reli iliyojengwa kuelekea Nachingwea kufuata karanga za Wazungu, na karanga zenyewe zikakataa kuota kama zilivyoandikwa. Mchana alitengeneza magari makubwa ya moshi, kazi ya mshahara. Jioni, na Jumapili baada ya chai, alitengeneza lake mwenyewe. Lilikuwa kigari cha moshi chenye urefu wa mbuzi aliyelala, na kila kilichomo ndani ya gari kubwa kilikuwamo ndani ya hiki. Kilikuwa na boila ya shaba nyekundu, na tundu la moto lenye mlango wa ukubwa wa kibiriti. Kilikuwa na kioo cha kuonyesha maji, mkono wa kufungulia mvuke, na filimbi isiyozidi kidole cha mwisho. Alikichonga miaka miwili kwa tupa, kipande kwa kipande.

Alipokimaliza alitandaza reli ndogo kuizunguka nyumba yake. Akakaa juu ya kitoroli nyuma ya kigari, magoti yakamfika masikioni, akawasha moto wa mkaa uliopondwa kama sukari guru. Kigari kikamvuta mtu mzima pamoja na kitambi chake kuzunguka nyumba, pu, pu, pu, pu. Mkewe akafunga dirisha.

Basi karanga zilipoharibika, Wazungu wakaambiwa warudi kwao, na meli ikampa kila mtu nafasi ya sanduku kubwa moja tu. Mke wa Bwana Spana alikuwa na kinanda. Walibishana siku tatu. Kinanda kikashinda.

"Yunusu," Bwana Spana akamwambia mpishi wake, "wewe ndiye uliyekuwa ukikipa maji. Kichukue. Lakini niapie kitu kimoja. Usiache boila ikauke. Ikikauka na moto umo ndani, basi imekufa."

"Wallahi, bwana, haitakauka."

Hapo ndipo Mzungu alipolia. Yunusu akampa leso, na tusimwonee, naye machozi yalimlengalenga, maana maji ya kile kigari alikuwa ameyachota kwa birika miaka miwili, na kila jioni alikipangusa kama mtoto aliyeoga. Lakini machozi yalikuwa ya jicho moja. Jicho la pili lilikuwa linatazama barabara ya Milola.

Huyu Yunusu alikuwa mtoto wa Kilwa Kivinje, mrefu, mwembamba, mwenye maneno laini kama halua iliyosahauliwa juani. Kabla hajawa mpishi aliwahi kumuuzia mtu wa Mchinga punda wake mwenyewe, na yule mtu akashukuru sana kwa vile punda mpya alivyomzoea upesi. Tangu ashike sufuria alikuwa ametulia. Sasa sufuria ilikuwa imeondoka na meli.

Na Milola alikuwa anaijua. Watu wa Milola waliiona reli ikienda upande mwingine na kuwaacha na mihogo yao, na tangu hapo hawakuzungumza lingine. Walikuwapo wawili walioumia kuliko wote, Romani mwenye duka na Abdulrahmani mwenye hoteli ya chai na cherehani barazani. Maduka yao yalikuwa kwenye barabara moja, hatua mia zikiwatenga, na kila mmoja aliota reli inapita na stesheni inajengwa mlangoni pake, si mlangoni pa mwenzake.

Palikuwa na kikwazo kimoja tu. Mtu wa Kilwa hakuaminiwa Milola, kwa sababu ya bwana mmoja aliyewahi kuwauzia chumvi, na nusu yake ilikuwa mchanga. Yunusu akafikiri kidogo, akaamua kuwa Mngoni.

Wangoni na Wamwera, ndio watu wa Milola, ni watani. Zamani walipigana, walipochoka kupigana walibaki kutukanana, na hiyo ikawa ndiyo amani yenyewe. Mtani wako akija anaweza kumkamata kuku wako mbele ya macho yako, akakuita mwoga, akaondoka naye. Wewe unacheka. Ukimtaka kuku wako, unamkomboa kwa kile atakachokitaja mtani. Kukasirika hakupo. Anayekasirika si mtani, na asiye mtani ataulizwa ni nani basi, na amekuja kufanya nini. Yunusu alikuwa ameyaona hayo Mkwaya, kwenye kambi ya vibarua, akapenda hasa ile sehemu ya kuku.

Akapatana na Mfaume, dereva wa lori. Wakapakia kigari na reli zake, wakavifunika turubai, wakashika njia.

Walifika Milola siku ya matanga. Wanaume walikuwa wamekaa nje wameinamisha vichwa, wanawake ndani wanalia. Yunusu akashuka kwenye lori, akaenda moja kwa moja mpaka kizingitini, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Nimekufa na mimi," akasema. "Sifufuki bila jogoo."

Kilio kikakatika. Bibi mmoja akachungulia. "Wewe nani?"

"Yunusu Komba wa Songea. Babu yangu aliwafukuza babu zenu kutoka hapa mpaka baharini. Nimekuja kuangalia kama mmerudi."

"Hee! Jamani, Mngoni huyo! Mtani ametufikia!"

"Babu yako alikuja na mkuki," akasema mwingine, "akaondoka na tumbo la mbaazi! Anaharisha mpaka leo!"

Watu wakacheka, na waliokuwa na machozi wakayafuta kwa cheko. Jogoo akaletwa. Maiti ikafufuka, ikamshika jogoo miguu, ikamvua Abdulrahmani kofia yake ya viua ikaivaa, ikaingia dukani kwa Romani ikachukua viatu vipya vya kamba, vya ukubwa wake kabisa. Romani alicheka, ingawa meno yake hayakuonekana yote. Jioni Yunusu alikuwa na jogoo wawili, kofia, viatu na chumba cha kulala nyuma ya duka.

Asubuhi akafunua turubai.

Kigari kilikuwa kimesuguliwa kwa ndimu na majivu, kikawaka juani kama bibi harusi. Kina mama wakasogea. Mzee mmoja akainama akauliza kama kitakua.

"Hakikui," akasema Yunusu kwa upole. "Hiki ni kipima-njia. Serikali haimtumi mkubwa mahali asipopajua. Humtuma mdogo kwanza aionje ardhi. Anatandikiwa reli zake, anapewa moto na maji, anaachiwa aende. Atakaposimama mwenyewe, bila mkono wa mtu, hapo ndipo stesheni itakapojengwa. Jumamosi tutakijaribu."

"Kinajuaje pa kusimama?" akauliza Abdulrahmani.

"Bwana Abdulrahmani, ng'ombe wako anajuaje kisima kiliko?"

Abdulrahmani hakuwa na ng'ombe, lakini aliona aibu kubisha.

Usiku haujaingia, Abdulrahmani akamvuta Yunusu kando ya tanuri la mikate. "Mtani. Na kama mtu angependa kisimame mahali fulani?"

"Astaghfirullah! Bwana, hiyo inaitwa rushwa."

"Nina cherehani."

"Mimi ni mtumishi wa serikali."

"Ya miguu."

Yunusu akageuka. "Ya miguu?" akauliza, kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu mama yake.

Hilo likaisha. Kesho yake, kwenye ghala nyuma ya duka, Romani naye akakohoa.

"Komba, ndugu yangu. Huyo mwenye hoteli hafai. Abiria wakishukia kwake watakunywa chai ya majani ya juzi. Nina magunia tisa ya korosho, yameshashonwa."

"Ya nani?"

"Ya ukoo. Na mkubwa wa ukoo ni mimi."

Basi ikawa kigari kitasimama kwa Abdulrahmani, na kigari kitasimama kwa Romani, na kila mmoja aliapishwa kwa dini yake asimwambie mtu. Yunusu mwenyewe alikuwa amekwisha kupanga kitasimama wapi. Kitasimama katikati. Angepiga filimbi, angetikisa kichwa, angesema maji ya Milola yana chokaa, hayakifai, yafaa yaletwe ya Mkwaya. Kisha yeye na kigari na cherehani na magunia wangepanda lori la Mfaume kufuata hayo maji. Baada ya Milola ilikuwapo Nyangamara. Baada ya Nyangamara ilikuwapo Rondo. Nchi haikosi watu wanaotaka stesheni.

Ila zile korosho hazikuwa za ukoo. Zilikuwa za Apolonia, mdogo wake Romani.

Apolonia alikuwa mjane, na mikorosho thelathini alipanda kwa mikono yake na ya marehemu mumewe, akaipalilia peke yake miaka sita. Binti yake, Genoveva, alikuwa amekubaliwa shule ya masista, akalale huko huko, na masista walishatuma karatasi: blanketi, sanduku, sare mbili, na ada mkononi siku ya kufika. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya magunia tisa, vinangoja kuuzwa. Magunia aliyaweka kwenye ghala la kaka yake kwa sababu lina bati na lake linavuja.

Ijumaa aliwaona vibarua wakiyapakia kwenye lori.

"Kaka, yanakwenda wapi?"

"Kwa serikali."

"Serikali inakula korosho?"

"Wewe Apolonia, sikiliza. Stesheni inajengwa hapa mlangoni. Hapa! Kila abiria atapita mbele yangu."

"Hayo magunia ni shule ya Genoveva."

"Stesheni ikija, Genoveva atauza chai kwa abiria. Atawajua watu wa kila kabila. Si shule hiyo?"

"Nitakwenda kwa katekista."

"Nenda. Utamwambia nini? Kwamba mkubwa wa ukoo ameamua mali ya ukoo? Atakuuliza unatafuta nini."

Apolonia aliona ni kweli. Angelia, angeitwa mjane mchungu. Akarudi nyumbani kwake, kulikokuwa katikati ya barabara, baina ya hoteli na duka, akatazama kuni zake, akatazama chungu chake. Wakati huo mabibo yalikuwa yameiva, na Apolonia hakuwa na mpinzani Milola kwa uraka, pombe ya mabibo hayo. Alikuwa na umaarufu mwingine pia, wa ile nipa kali inayopikwa ikashuka tone kwa tone, ile ambayo serikali imeikataza na watu wazima wanaijua njia ya kwenda kwake gizani. Lakini chungu chake kilikuwa na ufa, mvuke ukipotelea ubavuni, na siku hizo tone lilikuwa linachelewa.

Akachukua samaki aliyefika kwa baiskeli kutoka Lindi, changu mwenye miiba mingi kupita kiasi, akampika kwa nazi, akampelekea mgeni.

"Karibu chakula, mtani."

"Ahsante, mtani. Wamwera mnapika, ila hamjui kupigana."

"Kula kwanza, matusi yanataka nguvu."

Yunusu akala. Kaa uone sasa, mtu wa bara humla samaki kwa vidole na kwa hofu. Huyu alitia pande zima mdomoni, akaendelea kuzungumza, ulimi ukafanya kazi yake humo humo, miiba ikatoka pembeni mwa mdomo mmoja mmoja, misafi, imepangana kama sindano za fundi. Apolonia akaihesabu sahanini.

"Kwenu Songea samaki ni wengi?"

"Mito, mtani. Mito mitupu."

"Ndiyo maana," akasema Apolonia, na akageuka kukitazama kigari. "Na hiki kinakula nini?"

Hapo Yunusu akasahau kudanganya. Akamwonyesha moto unapowekwa, maji yanapoingia, mvuke unavyopanda. Akamwonyesha bomba la shaba lililojipinda, na vile viungo vilivyoshikana hata unywele haupiti. Akagonga boila kwa kucha, ti, ti, ti, akategea sikio.

"Ukigonga hivi unajua imejaa au la. Isiachwe ikauke hata siku moja. Ikikauka juu ya moto imekufa."

"Haivuji popote?"

"Hii? Hii ukiiwekea pumzi ya mtu leo, utaikuta kesho."

Apolonia akagonga naye, ti, ti, ti. Akakusanya sahani zake akaondoka, na tangu msiba wa mumewe watu walikuwa hawajamwona anatembea upesi namna ile.

Jumamosi saa nne Milola yote ilikuwa barabarani. Reli zilianzia hatua chache kabla ya hoteli, zikapita mlangoni kwa Apolonia, zikaishia mbele ya duka la Romani. Abdulrahmani alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza. Romani alikuwa amechora mstari kwa chokaa chini, akasimama hapo hapo kama anayemngoja askofu. Lori la Mfaume lilikuwa limewashwa kando ya barabara, turubai limefungwa vizuri.

Yunusu, na ile kofia ya viua kichwani, akakaa kwenye kitoroli. "Mimi ni wa kulisha moto tu!" akatangaza. "Kigari ndicho kinachojua!" Na mkono wa mvuke akaufunika kwa leso.

Filimbi ikalia. Mbwa wakakimbia. Kigari kikavuta pumzi, pu, kikafikiri, pu, pu, kikaenda. Kikamvuta mtu mzima kama si kitu, moshi ukipanda mdogo kama wa kiko, na watu wazima wakapiga vigelegele pamoja na wale wasiojua wanashangilia nini. Kikafika kwenye meza ya kitambaa cheupe. Kikapita.

"Simama!" akapiga kelele Abdulrahmani, akikimbia pembeni. "Simama wewe! Tulikubaliana!"

"Mlikubaliana nini?" akauliza Romani kutoka mbali.

Hapo Apolonia akatoka kwake na jembe begani, kama mtu aendaye shamba. Akafika kwenye reli, akatua jembe, akakaa juu ya reli, akanyoosha miguu.

Yunusu akaurudisha mkono wa mvuke kwa nguvu zote. Kigari kikaguguma, kikasimama, pua yake kwenye nyayo za Apolonia. Kisha Apolonia akavua kanga ya begani, akaifunga kwenye dohani ya kigari, mafundo mawili.

"Mtani," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka hotelini, "umeniletea gari langu. Ahsante. Nilichoka kutembea kwa miguu."

Watu wakalipuka kwa cheko. Kila mtu alijua maana ya lile fundo. Kitu kimekamatwa.

"Aah, mtani," akasema Yunusu, "hiki ni cha serikali."

"Na yule jogoo wa matanga alikuwa wa nani? Babu yako aliwafukuza babu zetu wenyewe, mimi nashika kigari tu unageuza uso? Kwani umekasirika?"

Milola yote ikamtazama usoni. Yunusu akaona jinsi alivyonaswa. Akikasirika, si mtani. Asipokuwa mtani, si Mngoni, na asipokuwa Mngoni wataanza kuuliza, na wa kwanza kuuliza atakuwa mwenye cherehani. Akafungua mdomo, akacheka. Alicheka kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nikasirike mimi? Komba? Taja, mtani. Nakomboa."

"Magunia tisa ya korosho, yaliyo juu ya lori la Mfaume."

"Magunia gani?" akauliza Abdulrahmani.

Romani akatazama mstari wake wa chokaa. Yunusu akapima upesi kichwani. Magunia huuzwa mara moja. Kigari kitauza Nyangamara, kitauza Rondo, kitauza mpaka Tunduru. "Mfaume!" akaita, akiwa bado anacheka. "Shusha magunia!"

Magunia yakashuka, na nyuma ya magunia, turubai lilipokunjuka, ikaonekana cherehani ya miguu.

"Hiyo si yako, Abdulrahmani?" akauliza Romani.

"Na hizo korosho si za dada yako?" akajibu Abdulrahmani.

Wakatazamana wale wawili, na kwa mara ya kwanza katika miaka yao yote wakaelewana. Lakini nani angesema? Kusema ni kujitaja. Abdulrahmani alikuwa mwepesi zaidi. Apolonia alipofungua kanga yake tu, yeye akavua koti akalitupa juu ya kigari.

"Mtani! Nimekamata! Komboa kwa cherehani!"

"Ha, ha, ha," akasema Yunusu.

Cherehani ikashuka. Koti likatoka, na kabla halijamaliza kutoka Romani akatupa kilemba. "Viatu vyangu vya kamba, mtani! Na kodi ya chumba, jogoo mmoja!" Viatu vikavuliwa. Yule bibi wa matanga akaweka fimbo yake juu ya boila, akataka jogoo wa pili na kofia, kofia iende kwa mwenyewe. Mwingine akaweka ungo akataka shati. Mwingine akaweka mwiko akataka suruali. Watani wa Yunusu walikuwa Milola nzima, alivyotaka mwenyewe, na walikuwa wamejipanga mstari mpaka hotelini, wanacheka, naye anacheka, machozi yanamtoka, safari hii macho yote mawili. Alipobaki na kaptula na kikopo cha mafuta ya kulainishia, na bado mstari haujaisha, akaruka juu ya lori.

"Kichukueni!" akalia. "Kichukueni watani zangu! Mfaume, twende!"

Lori likang'oka. Lakini kwenye kona, watu walipokuwa wanapungiana mikono, Yunusu akasimama juu ya bodi, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele, na sauti hiyo haikuwa ya Mngoni wala ya mtumishi wa serikali. Ilikuwa ya yule mchota maji wa Mkwaya.

"Isiachwe ikauke!"

"Haitakauka, mtani!" akajibu Apolonia.

Pakabaki swali la kigari ni cha nani. Wazee walikaa, wakasema kilisimama mlangoni kwa Apolonia, na kanga yake ndiyo iliyotangulia. Romani akasema mkubwa wa ukoo ni yeye. Wazee wakamuuliza magunia ya ukoo yalifikaje kwenye lori. Romani akasema ni kweli, kanga ndiyo iliyotangulia.

Genoveva akaenda shule na sanduku jipya. Magurudumu ya kigari yakaondolewa yakawekwa juu ya dari, yasije yakaota kutu, na boila ikakaa juu ya mafiga jikoni kwa Apolonia, bomba lake la shaba limechovywa kwenye mtungi wa maji baridi. Msimu wote wa mabibo haikukauka hata siku moja. Haikuvuja popote. Tone lilishuka safi kama machozi ya Bwana Spana. Na kwa kuwa kipima-njia kilisimama pale, wanaume wakaanza kupaita mahali hapo Stesheni, na mke akimuuliza mumewe alikokuwa mpaka saa hizo, mume alijibu bila kusema uongo kwamba alikuwa Stesheni, anangoja. Wa kwanza kufika kila jioni alikuwa Abdulrahmani, na wa pili Romani, na siku hizi walikaa benchi moja. Filimbi Apolonia aliiacha mahali pake. Askari akionekana barabarani, mtu aliye karibu na moto alivuta kamba yake, na Stesheni ikawa tupu.

Mwaka wa pili, mabibo yalipoiva tena, akafika mgeni mmoja mrefu, amevaa kanzu, amefuga ndevu. Akasalimia kwa adabu, akakaa pembeni, akanywa kikombe kimoja. Akaagiza samaki wa kuchoma. Kisha akainuka akiwa bado anatafuna, akaenda mpaka kwenye mafiga, akaigonga boila kwa kucha, ti, ti, ti, akategea sikio, akatabasamu. Akarudi akala, akaaga, akatoka.

Apolonia alipookota sahani aliikuta miiba pembeni, misafi, imepangana kama sindano. Akakimbilia jikoni. Boila ilikuwa imejaa, moto uko sawa, tone linashuka. Ila pale juu, palipokuwa na filimbi, mvuke ulikuwa unatoka tundu tupu, na chini ya tundu umefungwa uzi wa kanzu, mafundo mawili.

Akatoka nje mbio. Lori lilikuwa limekwisha kukata kona ya kwenda Kilwa, na kutoka juu yake, nyembamba na ndefu, ikasikika filimbi ya Bwana Spana.

"Umeibiwa?" akauliza Romani kwenye benchi. "Nimwite askari?"

"Akukute hapa?" akasema Apolonia.

Akashika kiuno. Watu walikuwa wanamtazama usoni, Stesheni nzima, na wote walikuwapo siku ile alipomwita mtani, kwa sauti ya kusikika mpaka hotelini. Akafungua mdomo, akacheka. Kisha akaingia ndani kutafuta gunzi la kuzibia tundu, kabla boila haijakauka.